Kurasa za Bwana Pupa

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni mzima, macho tu ndiyo yanayonisumbua. Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka, bali kwa sababu nina haja na wewe, na ni heshima zaidi kulisema hilo mwanzoni kuliko kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kurasa mbili.

Taasisi inaandika historia yake, tangu tulipokuwa Idara ya Masomo ya Posta, vyumba viwili juu ya duka la rangi, hadi leo watoto wanaposoma kwa vishikwambi. Wamejenga ukumbi mpya wa kubuni masomo na wanataka kuupa jina. Majina yaliyobaki mezani ni mawili: langu, na la marehemu Mtangazaji, yule aliyekuwa akisoma masomo redioni. Watu wake wanadai kwamba redio ndiyo iliyoifundisha nchi, na kwamba vijitabu vyangu vilikuwa karatasi za kufungia sabuni. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri. Hakuwa na kingine. Redio husema ikapita. Haijui kama aliye upande wa pili ameelewa au amelala. Kijitabu changu kilimwuliza msomaji swali kila baada ya mistari mitatu, kikampa majibu matatu achague, na kila jibu likampeleka kwenye ukurasa wake. Aliyekosea alielezwa kosa lake papo hapo, akarudishwa nyuma. Hayo wanayoyasifia leo kwenye vioo vyao, mimi niliyafanya kwa karatasi na gundi.

Kamati inataka mtu mmoja aliye hai, aliyepitia vijitabu vyote kumi na viwili, aseme vilimfanyia nini. Kadi za wanafunzi wa posta zililiwa na mchwa. Umebaki wewe.

Andika ukurasa mmoja, kwa wino mweusi. Sema ulikuwa mzito wa kuelewa, kisha vijitabu vikakufungua. Usiandike habari za mguu wako wala za marehemu mkeo. Usinipigie simu, maneno ya simu hayawekwi kwenye faili. Kamati inakutana tarehe 30 Machi.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea dukani mbele ya wateja wawili, nikaisoma nimesimama kama mtu anayesomewa hukumu. Mguu haujambo, ingawa umekataza usitajwe.

Nikumbuke nini? Naikumbuka meza ya jikoni, saa kumi na moja jioni, wenzangu wanapiga mpira nje na mimi nimekaa na karatasi zako ambazo wino wake bado unanuka. Kabla ya karatasi kulikuwa na lile sanduku la mbao lenye kidirisha, uliloundiwa na seremala baada ya kuona picha yake katika jarida la kigeni. Unazungusha mpini, swali linatokea. Lilinibana kidole nikalia, nawe ukaandika katika daftari lako, "Mashine inahitaji kifuniko." Hukuandika kwamba kidole kinahitaji dawa. Nacheka, Dada, silalamiki.

Nazikumbuka biskuti pia. Nikijibu sawa, ulikunja uso. "Umejuaje? Umechungulia?" Nikikosea, na kosa likawa jipya, ulinipa biskuti moja ukaandika mbio mbio. Ilinichukua wiki tatu kuuelewa mchezo. Baada ya hapo nilikula biskuti nyingi. Makosa yangu ndiyo uliyompa Bwana Pupa, yule mwenye kofia iliyopinda aliyechorwa katika kila ukurasa wa waliokosea: "Umejibu kama Bwana Pupa. Rudi ukurasa wa kumi na nne." Na jina likanigandia. Hadi leo kuna mzee mwenzangu, kila akileta mizani yake nimtengenezee, husema kwa sauti, "Bwana Pupa, usinipimie kwa pupa!" Duka zima linacheka. Nami nacheka, maana nikinuna watacheka zaidi.

Ushahidi wako nitauandika. Ila nina swali moja, na nimelibeba kwa miaka hamsini na mitano.

Siku yaliposomwa shuleni majina ya waliofaulu kwenda sekondari, ulinizuia nyumbani tukimalize kijitabu cha nne. Ulikwenda wewe kusikiliza. Ulirudi, ukasema, "Hukuitwa," ukavua viatu, tukaendelea na swali la tisa. Mwezi uliofuata nikakabidhiwa kwa fundi mizani, mchana nashika bisibisi, jioni nashika karatasi zako. Nilikosa kwa alama ngapi? Nimekuwa mzee sasa, hakuna kitakachoharibika. Nataka tu kujua kama nilikuwa karibu.

Mdogo wako


23 Februari

Mdogo wangu,

Nilikuomba ukurasa mmoja, umeniletea nne, na hamna hata sentensi moja ninayoweza kuipeleka kwa kamati. Biskuti si mbinu ya kufundishia. Usizitaje kwa mtu yeyote.

Kuhusu swali lako: hukuwa karibu. Alama sizikumbuki. Nakumbuka aibu ya kusimama uwanjani pale, wazazi wa wengine wakinitazama, jina baada ya jina, mpaka mwalimu mkuu alipokunja karatasi. Nilikuficha ukubwa wa aibu ile kwa ajili ya mama. Umenilazimisha kuusema, basi umeujua.

Kwa kuwa huwezi kuandika ukaeleweka, nimepatana na Taasisi wamtume ofisa wao kwako. Ni binti mdogo ndiye anayeandika hiyo historia. Maswali kumi ya kijitabu cha kwanza ameyatia katika kishikwambi. Utayajibu, atachukua picha, atakwenda zake. Hilo hata wewe huwezi kuliharibu.

Dada yako


2 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Mimi ni ofisa wa kumbukumbu wa Taasisi. Nimeambiwa nisikupigie simu, kwamba katika familia yenu mambo huandikwa. Nimeipenda sana tabia hiyo!

Nimekuwa nikiyapitia masanduku ya zamani ya dada yako, na leo katika sanduku la tisa nimekukuta wewe. Ziko karatasi zako zote za majaribio, na pembeni ya kila kosa dada yako ameandika kwa kalamu nyekundu njia uliyoipita hadi ukakosea. Sisi tunaobuni masomo leo tungeuza gari ili tupate rekodi kama hizo.

Nyuma kabisa, zikiwa zimebanwa pamoja na karatasi hizo, nimekuta barua ya kukukubali sekondari, shule ya bweni, yenye muhuri, inayosema umekuwa wa tatu katika shule yenu. Chini yake kipo kikaratasi cha mkono wa dada yako kwa mwalimu mkuu. Nadhani vilirudishwa kwake. Nimekutolea nakala ya vyote viwili, uwe navyo kama ukumbusho. Kumbe ulikataa nafasi ili ubaki kumsaidia dada yako! Ulikuwa mtoto wa kujitolea namna gani, Mzee? Nitakuuliza habari hiyo tukionana.

Nitafika tarehe 14 asubuhi na kishikwambi changu.

Ofisa wa kumbukumbu


5 Machi

Dada,

Nimeziona karatasi. Binti wa Taasisi ameniletea kwa wema, kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau.

Kikaratasi chako kina sentensi tatu. "Mdogo wangu hataripoti. Anahitajika katika kazi ya Idara. Nafasi yake apewe mwingine." Nimeisoma mara nyingi ile "apewe mwingine". Nimejaribu kumfikiria huyo mwingine, aliyelala katika kitanda changu miaka minne.

Mama alikufa akiamini ana mtoto mmoja mwenye kichwa na mmoja mwenye mikono. Mke wangu alikuwa akinikagulia hesabu zangu kila jioni, si kwa sababu zilikuwa na makosa, bali kwa sababu nilimwambia mimi ni mtu wa kukosea. Nilimwambia hivyo tulipochumbiana, ili asije akasema nilimficha.

Wiki mbili zilizopita nilikuuliza kwa adabu, ukaniandikia habari za aibu uwanjani. Hukulazimika kuniongezea ile aibu. "Hukuwa karibu" ingetosha.

Sitaki maelezo. Nataka mstari mmoja kwa mkono wako, wenye sahihi yako: kwamba nilifaulu. Ukiniletea huo, binti akija nitajibu maswali yake na ukumbi utakuwa wako.

Mdogo wako


9 Machi

Barua yako haina shikamoo. Nimeliona.

Hii nimeipiga taipu na sitaitia sahihi. Wewe ni fundi wa vipimo, unajua kwa nini.

Ulifaulu. Ulikuwa wa tatu, na wawili waliokutangulia walikuwa watoto wa walimu. Nilisimama uwanjani nikasikia jina lako, na jambo la kwanza nililolifikiria ni kijitabu cha tano.

Kabla yako niliwajaribu watoto watatu wa jirani. Walikosea ovyo, leo hivi kesho vile, kama kuku wanaodonoa. Kosa la mjinga halinifai. Huwezi kulifuata nyuma ukajua limeanzia wapi. Kosa lako lilikuwa na njia. Ulikosea jinsi watu elfu wangekosea, na nilipokuuliza kwa nini, ulinieleza. Nilihitaji mtoto mwenye akili, na nilihitaji asifundishwe na mtu mwingine yeyote. Bwenini wangekuharibu. Wangekufundisha.

Watu elfu arobaini walivimaliza vijitabu vile: makarani, wauguzi, askari magereza, akina mama waliosoma mtoto akiwa mgongoni. Kila mmoja wao alipokosea, alikuta kosa lako limemtangulia na limekwisha kuelezwa. Nchi ilipata vijitabu. Wewe ulipata biskuti, na ulizila.

Baba alijua. Nilimwonyesha barua ya shule akiwa ananyoa ndevu. Alisema, "Msomi mmoja anatosha nyumba hii," akaendelea kunyoa. Kwa hiyo usimbebeshe mtu mmoja mzigo wa wawili.

Mstari unaoutaka hutaupata. Mimi siandiki chini ya masharti ya mtu niliyemfundisha kushika kalamu. Na hutathubutu kuniangusha mbele ya mgeni. Hukuwahi kuwa na ujasiri huo, hata nilipokuona unaiba chaki.

Ofisa anakuja tarehe 14. Vaa shati jeupe.


16 Machi

Mheshimiwa Mwalimu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi nianze na ukweli: mambo hayakwenda vizuri.

Nilimkuta Mzee dukani kwake amevaa shati jeupe, mbele yake ipo mizani ya duka la dawa aliyokuwa akiirekebisha. Wateja watatu walikuwapo; mmoja akaniambia, "Binti, umemletea Bwana Pupa mtihani? Utakesha!" Mzee akacheka, akaniwekea kiti, akafuta mikono, akakipokea kishikwambi kama mtu anayepokea sahani.

Alikosea maswali yote kumi.

Swali la nne, kwa mfano, linauliza kilo mbili na gramu hamsini ni gramu ngapi. Akabonyeza mia mbili na hamsini. Kioo kikawa chekundu. Mwalimu, dakika chache kabla alikuwa ameweka mawe ya kilo mbili na gramu hamsini juu ya mizani ile, akaniambia, "Ona, elfu mbili na hamsini kamili, haipungui hata unywele." Nilimwambia, "Mzee, tulia, jaribu tena." Akanijibu, "Mwanangu, nimevipitia vijitabu vyote kumi na viwili. Andika nilichojibu." Wateja walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Yeye aliendelea, hakuchukua hata sekunde tano kwa swali moja.

Jana nililinganisha majibu yake na vijitabu vyako. Yote kumi ni majibu ya Bwana Pupa, neno kwa neno.

Mwenyekiti wa kamati ameitazama picha ya video niliyoichukua pale dukani. Alisema, na naomba radhi kuyarudia, "Kama huyu ndiye mhitimu wa vijitabu, mpeni ukumbi Mtangazaji, angalau yeye alituburudisha."

Nilitaka kukutetea, nikakumbuka ile barua ya sekondari iliyo katika sanduku la tisa. Kamati bado haijaiona. Ikiwa ni ya kweli, basi Mzee ana akili timamu na alitufanyia makusudi, na vijitabu havina lawama. Lakini hapo itabidi nieleze pia kikaratasi ulichomwandikia mwalimu mkuu. Ikiwa si ya kweli, sina la kuwaambia. Wewe ndiye uliyeiweka katika faili na ndiye pekee anayeweza kuithibitisha. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 28.

Ofisa wa kumbukumbu


18 Machi

Dada,

Shikamoo. Shati lilikuwa jeupe.

Ulisema sitathubutu. Sikuwa najua kama nitathubutu mpaka kioo kilipowaka chekundu mara ya kwanza. Ya pili ilikuwa nyepesi. Kufikia ya saba nilikuwa naifurahia, Mungu anisamehe, na wale wateja walikuwa wanacheka kile kicheko chao, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikunihusu mimi. Kilikuwa kinakuja kwako.

Sasa binti amekuuliza kama ile barua ya shule ni ya kweli. Ameniambia amekuandikia. Ukinyamaza, kazi ya maisha yako ni mimi: mtu aliyepitia vijitabu vyote na hajui gramu za kilo mbili. Barua yako ya taipu ninayo, lakini karatasi isiyo na sahihi ni karatasi tu, ulipanga vizuri.

Lakini nimelala juu ya jambo hili siku tatu, na hasira imeanza kunichosha. Wewe una miaka sabini na tisa. Mimi mwenyewe napanda ngazi kwa kupumzika. Basi sikiliza. Andika ule mstari, kwamba nilifaulu, na utie sahihi. Uniandikie mimi, si kamati. Siku nitakayoupokea nitamwita binti arudi na kishikwambi chake. Nitajibu kumi kwa kumi mbele ya wateja walewale. Nitasema siku ile nilikuwa namtania. Na akiniuliza kuhusu sekondari, nitamwambia nilikataa mwenyewe, nikakuomba wewe uandike kile kikaratasi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Nitaongopa kwa ajili yako mbele ya kamati nzima na nitakuja kupiga makofi siku ya kuzindua.

Kila kitu kitakuwa chako: ukumbi, jina juu ya mlango, hata wema wangu wa utotoni. Mimi nitabaki na mstari mmoja. Nitauweka katika droo ya mawe ya mizani. Hakuna atakayeuona.

Dada, ni neno moja. Sitaki uniombe radhi. Nataka tu nilisome likiwa limeandikwa na wewe.

Mdogo wako


24 Machi

Kwa Ofisa wa kumbukumbu,

Nimepokea barua yako ya tarehe 16 na nashukuru kwa uangalifu wako.

Barua ya sekondari uliyoikuta katika sanduku la tisa si ya kweli. Niliipiga taipu mimi mwenyewe, kwa mashine ya Idara, na muhuri niliuazima. Mama yetu alikuwa mgonjwa mwaka ule, naye alitamani sana kusikia kwamba mtoto wake wa mwisho amefaulu. Kikaratasi cha kuikataa nafasi nilikiongeza ili asiulize kwa nini mtoto haendi shule. Ulikuwa uongo wa huruma. Nauombea radhi, kwa kuwa umekupotezea muda.

Mdogo wangu hakufaulu. Alikujibu kadiri ya uwezo wake, na uwezo wake ndio huo. Ufundi wa mizani ni kazi ya mkono na mazoea; hauhitaji kuelewa. Kwamba majibu yake yalifanana na ya Bwana Pupa lisikushangaze, kwa maana Bwana Pupa alitokana naye. Nakuomba umweleze mwenyekiti kwamba si vizuri kumcheka.

Mtu akikuletea barua iliyopigwa taipu, isiyo na sahihi, akadai imetoka kwangu, mpokee kwa upole na ukumbuke umri wake.

Kwa kuwa sina mwanafunzi mwingine aliye hai wa kumleta mbele ya kamati, naliondoa jina langu. Ukumbi mpeni Mtangazaji.

Naomba barua ile pamoja na kikaratasi chake viondolewe kwenye faili na vichanwe, visije vikampotosha mwingine atakayeandika historia.

Mwalimu mstaafu, Idara ya Masomo ya Posta

Nakala: Mdogo wangu, fundi mizani. Nimeiandika kwa mkono wangu na nimeitia sahihi, kama ulivyotaka.